Vifungo vya Tshangalele

Inspekta Fidélie Kapinga hakuamini kitu chochote kabla hakijasafishwa. Ndiyo maana asubuhi ile, badala ya kuandika ripoti iliyokuwa ikidaiwa tangu jana, alikuwa ameinama mezani na nusu ya limau mkononi, akisugua kifungo cha shaba ya njano kilichokuwa cheusi kwa tope.

Kifungo hicho na wenzake watano vilitoka ziwa Tshangalele, karibu na mji wa Likasi, Katanga. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka huo, maji yakarudi nyuma, na wavuvi wakaona mfupa wa paja umechomoza kwenye tope lililokauka. Walimwita chifu, chifu akaita polisi, na polisi wakamtuma Fidélie kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kushinda juani akichekecha tope kwa chekeche la unga. Alipata mifupa ya mwanamume mmoja, mguu wake wa kushoto umevunjika. Hakupata risasi, wala alama ya kisu, wala kitambulisho. Nguo zilikuwa zimeoza zote. Vilibaki vifungo sita, na kila kimoja kina kipande cha waya kilichosokotwa nyuma yake.

Nje ya ofisi, kwenye benchi, alikaa mama mzee mwenye mtandio mweupe. Jina lake Tausi. Alikuja siku ileile redio ya mji ilipotangaza habari ya mifupa, akaja na kesho yake, na leo tena. Mume wake, Matata, aliondoka nyumbani mwaka 1988 kwenda kununua samaki Tshangalele, asirudi. Wachache walisema amekufa. Wengi walisema ana mke mwingine Kolwezi, na walisema hivyo kwa raha, kama watu wanavyosema mambo ya nyumba za wenzao. Tangu hapo Tausi hakuwa mke, hakuwa mjane. Hakukaa eda, hakuolewa tena, na kila alipoingia kwenye arusi ya watu alijua wanamnong'ona. Sasa alitaka jambo moja tu: aambiwe kama mifupa ile ni ya Matata, ili azikwe kwa sala na jina lake.

"Mama, rudia kwanza ku nyumba," Fidélie alimwambia alipokuwa akiingia asubuhi. "Nitakutumia muntu."

"Minye niko hapa, mutoto wangu. Benchi hii haiko na shida na minye."

Fidélie alimpelekea maji, kisha akarudi kwenye limau lake.

Kabla hajamaliza kusugua, mlango ulifunguka bila hodi. Aliyeingia ni Ghislain, mwendesha mashtaka msaidizi, kijana mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri, ambaye mji mzima ulimwita substitut. Si mtu mbaya. Tatizo lake alipenda majalada yaliyofungwa kuliko yaliyo wazi.

"Madame inspecteur, bado uko na ndimu?"

"Bado, monsieur le substitut. Karibia, ona. Picha inaanza kutoka."

Ghislain akainama, akaangalia, kisha akarudi hatua nzima nyuma.

"Mikono! Ni mikono ya kukatwa, hii!"

Fidélie hakumcheka. Yeye mwenyewe, ilipotokea ile mikono miwili chini ya limau, alikuwa ameacha kusugua. Katika nchi hii hakuna mtu anayeona mikono bila mwili akafikiri jambo la pili. Kila mtoto amefundishwa shuleni habari ya mpira na vikapu: zama za Wazungu wa kwanza, aliyepungukiwa na mpira alikatwa mkono, na mikono ikakusanywa kwenye vikapu.

"Voilà, dossier inaisha," Ghislain akasema, sauti yake imeshuka. "Huyu ni askari wa bale Wazungu ba kwanza. Banakata bantu mikono, na banaiweka ata ku mabuto yao. Na ile waya? Bantu balimukamata, bakamufunga, bakamutupa mu mai. Vizuri yake. Minye nilishapigia bantu ba musée ya Lubumbashi, bale ba bintu ya zamani. Gari yao inakuya kesho asubuhi kubeba kila kintu."

"Na ule mama wa ku benchi?"

"Namuhurumia, vraiment. Lakini bwana yake alipotea wakati wa Zaïre. Hii mifupa iko na miaka mia na zaidi."

"Mifupa ilikuambia?"

"Mabuto iliniambia," Ghislain akasema, akigusa vifungo.

"Basi uniachie siku ya leo, na minye iniambie."

Ghislain alimtazama, akatazama mlango ambao nyuma yake Tausi alikuwa amekaa kimya. "Mpaka nifunge ofisi," akasema. "Kisha hapo natia sinyatiri yangu ku karatasi."

Alipotoka, Fidélie alivuta taa karibu, akachukua lenzi, akaanza upya kama mtu ambaye hajaona chochote.

Kwanza ngao iliyochongwa kwenye uso wa kifungo. Kwenye ngao, chini, palikuwa na jengo la mawe lenye minara na lango kubwa: ngome. Juu ya ngome mikono miwili, mmoja upande huu na mmoja upande ule, viganja wazi, vidole juu. Hakuna kisu. Hakuna mtu aliyepiga magoti. Askari hawekewi kifuani nyumba na viganja. Askari huwekewa simba, au panga, au taji. Akageuza kifungo, akasugua mgongo wake. Herufi za mviringo zilikuwa zimelika upande mmoja, lakini zilizobaki zilisomeka: WERPEN.

Mtandao wa simu siku hiyo ulikuwa wa kubembeleza. Fidélie akasimama dirishani, akanyoosha mkono wenye simu nje, akangoja, na mwishowe picha ikateremka kidogo kidogo: ngome ileile, mikono ileile. Ilikuwa alama ya mji wa Anvers huko Ubelgiji, ambao wenyewe huuita Antwerpen. Chini ya picha waliandika hadithi yao: palikuwa na jitu kando ya mto, likidai ushuru kwa kila chombo, na asiyelipa likamkata mkono, hadi kijana mmoja akalikata lenyewe mkono, akautupa mtoni. Fidélie akacheka peke yake. Kumbe Ghislain hakuwa mbali sana. Mikono ilikuwa ya kukatwa kweli, ila mkatwaji alikuwa jitu la hadithi, na haikumhusu mtu yeyote wa Katanga.

Alama ya mji huvaliwa na watu wa mji: wazimamoto, walinzi wa bustani, wakata tiketi. Sasa mkata tiketi wa Anvers alifuata nini kwenye tope la Tshangalele? Hakufuata kitu. Lililokuja ni koti, bila mwenyewe. Na makoti ya Ulaya yasiyo na wenyewe huja Likasi kwa njia moja ambayo hata mtoto wa shule anaijua: yanakuja yamebanwa kwa mikanda ya chuma, ndani ya balo la mitumba, na kufunguliwa sokoni watu wakisukumana.

Kwa hiyo kifungo kingeweza kuwa cha zamani sana, hata cha wakati wa babu yake, na aliyekivaa akawa mtu wa juzi tu. Ghislain alisoma umri wa kifungo akadhani amesoma umri wa mifupa.

Ilibaki waya, na hapo Fidélie hakuhitaji mtandao. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana kufanya kazi migodini, akaishia karakana ya bobinaji, mahali ambapo mota zilizoungua hufumuliwa waya wote na kusukwa upya. Fidélie alikulia chini ya meza ile, akichezea mabaki. Mota za zamani kabisa, baba yake alizifumua kwa kulaani, maana waya wake ulivishwa pamba na pamba ilioza. Waya wa siku zake yeye ulipakwa vernis nyekundu, ngumu, inayong'aa. Na waya uliofunga vifungo hivi ulikuwa wa vernis nyekundu. Hakuna askari wa zama za mpira aliyepata kuuona.

Tena haukufunga mikono ya mtu. Ulipita kwenye pete ya kifungo, ukaingia kwenye kitu kilichooza, yaani kitambaa, ukarudi, ukasokotwa, na ncha ikakunjwa ndani isikwaruze. Mtu aliyekunja ncha ile alijali ngozi ya mvaaji.

Fidélie akavipanga vifungo mstari mmoja, akapitisha lenzi tena, na safari hii akasimama kwenye kile cha mwisho. Waya wake haukuwa kama wa wenzake. Akautazama kwa muda mrefu, akaandika sentensi mbili, akafunga faili. Jambo hilo hakutaka kumwambia mtu. Ukitaka kujua kama shahidi anakijua kitu, unamnyima kitu chenyewe, unangoja akitaje.

Alianza na Bilal, mdogo wake Matata, mwenye duka la vipuri vya baiskeli karibu na soko. Aliitwa kwa simu, akaja na kofia yake ya kufuma, mzee mwembamba, mpole wa uso. Alipopita kwenye benchi alimwamkia shemeji yake bila kumtazama machoni.

"Papa Bilal, bantu banasema weye njo uliona Matata ku Kolwezi."

"Njo vile, mama. Ilikuwa mwaka wa pili yake, ku soko. Nilimuita jina. Hakugeuka. Akapanda camion, akaenda."

"Uliona sura yake?"

"Nilimuona mugongo. Na uso kiloko tu, upande."

"Mugongo iko na jina?"

Bilal alisogea kitini. "Mama inspecteur, ni koti njo niliona. Koti ya bleu, nzito, ya Wazungu, na mabuto ya njano yenye kuwaka. Nani mwingine angevaa kintu kama kile mu jua hii? Tulimucheka sana, yaya, mukubwa wangu, juu ya ile koti."

"Aliitosha wapi? Alinunua?"

"Tausi njo alimununulia. Mu balo."

"Na ndani ya ile balo, ilikuwa koti moya tu?"

Swali lilikuwa dogo na Fidélie aliliuliza kwa sauti ndogo. Macho ya Bilal yakaenda mbali, hadi sokoni siku ile.

"Zilikuwa mingi," akasema polepole. "Zote sawasawa. Bashofere balinunua. Basentineri balinunua. Mwenye kuuzisha alisema zingine anapeleka..." Akavua kofia. "Alisema zingine anapeleka Kolwezi."

Fidélie aliliandika neno hilo.

"Mama," Bilal akasema, "minye nilifika ku nyumba yao nikamuambia Tausi, bwana yako ananikataa mbele ya bantu. Nilimuambia vile. Na nikaambia bote."

Uso wake ulikuwa wa kusikitisha, na Fidélie alitamani kumpa mkono. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, na ilikuwa imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu neno lilelile lililomwondoa Matata Kolwezi lilimwondoa pia Tshangalele. Kama makoti yalikuwa mengi, basi mwenye mifupa angeweza kuwa dereva yeyote, mlinzi yeyote, muuza samaki yeyote aliyepita njia ile amevaa bluu. Akamwomba Bilal angoje nje. Kisha akamwita Ghislain, akamsimamisha kando ya kabati, akamwambia kwa Kifaransa kifupi kwamba asiseme chochote. Halafu akafungua mlango.

"Mama Tausi, ingia."

Tausi aliingia akiwa amekaza mtandio, akakaa ncha ya kiti. Vifungo vilikuwa ndani ya droo.

"Mama, niambie koti ya Papa Matata ilikuwa namna gani."

"Bleu. Nzito. Ilikuwa inanuka sabuni ya kwao, nikaifua mara mbili, harufu haikutoka."

"Na mabuto?"

"Ya njano, ya shaba. Iko na picha."

"Picha ya nini?"

"Nyumba. Nyumba kubwa ya mawe na mulango yake. Na juu ya nyumba, mikono mbili."

Ghislain aliacha kuegemea kabati. Fidélie aliweka kalamu chini, maana swali lililofuata alitaka liwe jepesi, lisimsukume mtu upande wowote.

"Ile mikono inafanya nini, mama?"

Tausi alishangaa kidogo kwamba mtu anauliza. Hakujibu kwa mdomo. Aliinua mikono yake mwenyewe mbele ya kifua, viganja juu, vidole wazi, kama inuliwavyo baada ya sala, na ikakaa pale hewani juu ya meza ya polisi, imekunjamana, imetulia.

"Inaomba dua," akasema. "Inaombea nyumba. Njo sababu niliinunua. Kulikuwa makoti mingine ya muzuri, na zipu, na manyoya. Nikasema hapana, nipe hii. Bwana yangu ni muntu wa njia, leo eko huku, kesho kule. Kila mara anafunga koti yake, nyumba yetu inaombewa."

Ghislain alikuwa anatazama mikono ile. Fidélie akaendelea, kwa kuwa nyumba na mikono vilikuwa kwenye makoti yote ya balo lile na bado havikumtaja Matata.

"Mabuto ilikuwa inakaa muzuri?"

"Aa, mutoto wangu! Ku soko bezi balikuwa banakata mabuto ya shaba na wembe, weye umesimama vile, banaenda kuiuzisha kwa bale ba kuyeyusha bikuku. Uzi inasaidia nini? Nikaishona na waya. Majirani yetu ba Kasai, ba bobinaji, balikuwa banatupa mabaki. Nikaokota. Waya nyekundu. Hapo mwizi akuye na wembe yake."

"Yote ulishona na waya nyekundu?"

"Yote."

Hilo halikuwa jibu alilolingoja Fidélie. Hakuonyesha. Alichukua kalamu tena, polepole, akampa mama nafasi.

"Yote," Tausi akarudia, kisha akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja kwenye benchi lile akatabasamu. "Hapana, nadanganya. Moya hapana. Ile ya chini. Ilianguka magaribi, na asubuhi alikuwa anaenda Tshangalele. Natafuta waya nyekundu, imeisha. Nifanye nini? Nikafungua radio yake."

"Radio?"

"Alikuwa eko na radio ya zamani, anaipenda kuniliko minye. Ndani yake kuko waya, lembamba, ya kijani hivi. Nikaivuta, nikatosha. Ilikuwa lembamba sana, nikaikunja mara mbili ndiyo ikapata nguvu. Asubuhi anawasha radio, kimya. Anaangalia koti. Akajua. Alifanya hasira kiloko, halafu akacheka. Akasema, umeua radio yangu, basi nikirudi njo utaniimbia weye."

Akavuta mtandio mbele. "Ile radio iko. Sikuitengeneza."

Fidélie alivuta droo. Alivitandaza vifungo juu ya karatasi nyeupe bila mpangilio, nyuma juu, akamsogezea lenzi. Tausi hakuigusa. Alipitisha kidole gumba kwenye waya, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayechambua mchele, kikafika kwenye waya mwembamba wa kijani uliokunjwa mara mbili, kikakaa hapo.

"Hii," akasema.

"Njo hii, mama."

Ghislain alitoa pumzi iliyosikika chumba kizima.

"Sikiliza sasa vizuri," Fidélie akasema, akazunguka meza na kuchuchumaa kando ya kiti, ili wote wawili waone. "Angalia hizi za nyekundu. Hapa, fasi pete ya buto inasugua, vernis yote imelika, waya imekuwa nyembamba. Koti hii ilivaliwa sana kisha weye kuishona. Ona sasa hii ya radio. Vernis yake ni nzima. Haijalika ata kiloko. Unasikia maana yake?"

"Sema weye."

"Muntu mwenye koti hii alikufa siku chache tu kisha weye kushona hii buto. Wiki ile ile. Hakuenda kuishi fasi ingine. Hakukuwa bibi mwingine. Kolwezi hakufika, mama. Bilal aliona koti ya muntu mwingine, yenye ilitoka mu balo moya na hii."

Tausi aliitazama meza.

"Kumbe hakuniacha."

"Hakukuacha."

"Nani alimuua?"

"Hakuna muntu. Daktari aliangalia mifupa yote. Mguu ulivunjika, na wavuvi banakumbuka mwaka ule mai ilipanda mpaka ku njia. Aliteleza, ao mai ilimuangusha. Zaidi ya hapo sijue."

"Alikuwa anaenda, ao alikuwa anarudi?"

Ingekuwa rahisi sana kusema alikuwa anarudi. Neno lilikuwa limefika ulimini mwa Fidélie, tamu, na hakuna mahakama ambayo ingemuuliza. Lakini mama huyu alikuwa ameishi na uongo wa watu kwa miaka mingi, hata ule usiokusudiwa.

"Sijue, mama. Hiyo mabuto haisemi."

"Haizuru kintu," Tausi akasema. "Akienda alikuwa wangu. Akirudi alikuwa wangu."

Ghislain alitoka kando ya kabati. Alichukua faili mezani, akafuta kwa mstari mmoja maneno aliyokuwa ameyaandika asubuhi, akauliza jina kamili la marehemu na jina la baba yake, akayaandika kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, akimsomea mama kila neno ahakikishe. Kisha akatoa simu, akawaambia watu wa Lubumbashi gari lisije. Alipomaliza alisimama mbele ya Tausi, hajui aweke wapi mikono.

"Mama, minye niliona vibaya."

"Mutoto, uliona vile babu zako baliona," Tausi akamjibu. "Si kosa."

Mlangoni Bilal alikuwa amesimama, kofia bado iko mkononi. Kuta za ofisi ile ni nyembamba, alikuwa amesikia yote. Tausi alimfikia, akachukua kofia kutoka vidoleni mwake, akamvika kichwani kama anavyovikwa mtoto anayepelekwa madrasa.

"Uliona koti, Bilal. Ata minye, kama ningeona ile koti ku Kolwezi, ningeita. Ningekimbia nyuma ya camion."

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, wanaume walimbeba Matata hadi makaburini. Jeneza lilikuwa jepesi, na walilibeba kwa uangalifu uleule wa jeneza zito. Wanawake walibaki nyumbani, na Fidélie alibaki nao, kitambaa kichwani, Mkatoliki wa Kasai katikati ya mikeka ya Waislamu wenye asili ya Maniema, hajui vizuri wakati wa kukaa na wa kuinuka, akifuata anavyofanya aliye mbele yake.

Shehe alirudi kutoka makaburini akaomba kuongea na mjane. Alikuwa mtu wa adabu, alikaa mbali kidogo, akazungumza akitazama mkeka. Alimweleza kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku mke alipojua. Kwa hiyo eda yake iliisha zamani mno. Hana deni lolote. Anaweza kwenda sokoni, kuvaa apendavyo, kuishi kama watu. Tausi alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru. Shehe alipotoka, Tausi alivua hereni zake, moja, ya pili, akamwekea mke wa Bilal kiganjani.

"Bilal," akaita. "Kutoka leo weye njo utaninunulia makala ya kupikia na chumvi. Minye siende soko."

Bilal alimtazama Fidélie kana kwamba polisi ana la kusema hapo.

"Lakini mama," Fidélie akanong'ona, "shehe anasema ilishaisha."

"Shehe anasema kweli, na Mungu anajua kuhesabu kuniliko. Minye nilikuwa sijue. Muntu analilia namna gani bwana mwenye anangojea kwa chakula?" Akajivuta hadi kona ya chumba, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. "Nitakaa eda yangu ile ile. Mubaki na mulango wazi, bantu bapite."

Wa kwanza kupita alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mama mnene aliyechoka na jua, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kujua aulize nini katika nyumba ile. Alivua kandambili kizingitini, akainama, akamshika Tausi mikono yote miwili.

"Pole, mama. Pole na musiba."

Ni maneno ambayo kila mtu wa mtaa ule amewahi kuambiwa, hata vijana, hata watoto. Tausi alikuwa hajawahi kuambiwa.

"Asante," akajibu. "Bwana yangu amekufa."

Akalisikia mwenyewe, na akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, bila aibu, kama mwanamke aliyefiwa jana. Wanawake waliokuwa uani waliacha sufuria wakaja wakalia naye, na Fidélie, ambaye simu yake ilikuwa inamwita kutoka ofisini, aliizima, akasogea kwenye mkeka, akakaa.